Kiti cha Dereva

Jumamosi, 28 Februari

Gari limeondoka leo saa nne asubuhi. Daktari wa mifugo aliyelinunua alikaa kwenye kiti nilichokishona kwa mikono yangu, akakipigapiga kama anamsifu ng'ombe, akasema, "Mama, kiti hiki hata uzeeni nitakuwa nacho." Tukacheka. Mzee wangu alisimama getini mpaka mlio wa injini ukaisha kabisa, kisha akaingia kufagia banda la gari ambalo lilikuwa limeshafagiliwa.

Wote wanauliza kwa nini ameuza gari la spoti la milango miwili alilolitunza miaka kumi na tisa. Anawajibu kwamba paa lake la turubai linavuja na masika yanakuja. Paa lile lilivuja tangu siku ya kwanza, naye alikuwa akiendesha na kofia ya plastiki kichwani na kuimba. Lakini wameridhika na jibu.

Nimenunua daftari hili kwa sababu kuna jambo niliapa sitalisema, na limenijaa mpaka kooni. Kuandika si kusema.

Jumapili, 1 Machi

Basi niliandike lote leo, nipumue.

Wiki tatu zilizopita tulikuwa tunatoka kwa wifi yangu, dada wa mzee wangu. Tukawa tunateremka ule mteremko unaoishia kwenye taa za barabarani. Alikuwa ananisimulia kisa cha zamani cha kazini, maana alikuwa mpima ardhi kabla ya kustaafu: jinsi yeye na wenzake walivyopima bonde siku tatu na kila kipimo kikakataa. Akanyamaza katikati ya sentensi. Nikadhani anatafuta neno. Nilipomtazama, macho yalikuwa wazi, mikono iko kwenye usukani, na midomo inatafuna polepole kama mtu anayeonja chumvi. Nikamwita, kimya. Gari lile ni jepesi, likashika kasi. Mbele taa ilikuwa nyekundu na watu wanavuka, mmoja ni mwanamke aliyebeba trei ya mayai kichwani.

Mimi sijui kuendesha. Nilichokijua ni ile breki ya mkono, nikaivuta kwa mikono miwili na miguu nimeisukuma mbele kama ninayevuta ndama kisimani. Gari likazunguka, likapanda ukingo wa barabara, likatulia. Hakuumia mtu. Hata mayai hayakuumia.

Na yeye akazinduka, akaimalizia sentensi yake. "Ndipo tukagundua ramani tuliishika kichwa chini." Akatabasamu, akanisubiri nicheke. Halafu akauliza, "Mbona tumesimama?"

Nilipomweleza akawa mweupe wa midomo. Akasema, "Hili libaki humu humu ndani ya gari." Nikaapa. Najua anachokiogopa. Baba yake alikuwa akizimika hivyo hivyo, watu wakasema mengi, wakamweka chumba cha nyuma mpaka alipokufa. Alipoliuza gari nikajua siri nayo imeuzwa. Sikuwahi kulala vizuri kama usiku wa jana.

Ijumaa, 6 Machi

Mvua ya kwanza. Tumemwona daktari wa mifugo akipita na gari letu. Mzee akalipungia mkono kama anayemuaga binti aliyeolewa mbali.

Alhamisi, 12 Machi

Spana kaja. Ndiye makenika wetu, na jina lake halisi nadhani hata mkewe amelisahau. Kakaa sebuleni na viatu vyake vya grisi, kasema, "Kaka, nina habari, lakini shemeji asinipige." Mjane wa daktari wa meno, mtaa wa tatu kutoka hapa, ana gari la spoti la zamani kuliko letu, rangi ya maziwa, limefunikwa maturubai tangu mumewe afe miaka mitano iliyopita. Anataka apate mtu wa kulipenda.

Nilimtazama mzee wangu. Uso ulimchanua.

Jumamosi, 14 Machi

Kenda kuliona, karudi na viti viwili mgongoni mwa mkokoteni wa Spana. Panya wamevila mpaka springi.

"Mwenzangu," kasema, "injini safi, boneti safi, tatizo viti tu. Nimemwambia mama wa watu: mke wangu atavishona upya, na mvua zikikatika nitasema nalichukua au naliacha. Amekubali. Hata nisiponunua, yeye amepata viti."

Nikamuuliza, "Na lile jambo?"

"Lipi?"

"Mzee."

Akaangalia pembeni. "Ule ulikuwa uchovu. Halijarudi tena, au umeliona?"

Sikuwa nimeliona. Nikasema hapana.

Jumatatu, 16 Machi

Nimeliona. Saa moja na nusu asubuhi, kikombe cha chai kimefika nusu ya njia na kikasimama. Midomo ikaanza kutafuna. Nilihesabu kimoyomoyo kwa sababu sikujua kingine cha kufanya: tisa. Kisha kikombe kikaendelea na safari, akanywa, akasema chai imepoa leo.

Nilikwenda kwenye banda langu la kushonea viti, nikafunga mlango, nikalia nikiwa nimeegemea cherehani.

Jumatano, 18 Machi

Wifi kaja na maneno yake. "Wifi, kaka yangu amekonda tangu liuzwe gari lake. Mwanamume ana starehe moja tu duniani, hanywi, hachezi kamari, unamnyima. Sasa Mungu kamletea lingine, mshonee hivyo viti upesi." Nikasema ngozi ina taratibu zake. Kasema, "Taratibu au roho mbaya?"

Ningeweza kumnyamazisha kwa neno moja. Nimelimeza, limeshuka na miiba yake.

Ijumaa, 20 Machi

Mvua. Gundi haishiki kwenye unyevu, na huo si uongo. Nimemwambia mzee, akakubali, akasema mvumilivu hula mbivu.

Jumapili, 22 Machi

Mvua.

Jumatatu, 23 Machi

Mvua. Asante.

Alhamisi, 26 Machi

Leo jua lilitoka saa nzima na gundi ikashika. Nilikuwa nimeshabandika sponji, nimekata ngozi ya kiti cha dereva, na nimeanza kuiunga. Mkono wangu ni mwepesi, miaka thelathini si mchezo. Saa tisa alasiri nikaona mstari mrefu wa mgongoni umekwisha, umenyooka kama rula. Nikachukua wembe nikaufumua wote, uzi kwa uzi.

Kiti cha abiria nimekimaliza zamani. Hakuna anayeendesha gari akiwa kwenye kiti cha abiria.

Jumanne, 31 Machi

Kumi na moja. Alikuwa akifunga kamba za viatu.

Alhamisi, 2 Aprili

Nimeshona, nimefumua. Watu wote mtaani wanalaani mvua, nguo hazikauki, ukuta wa jirani umeota kuvu, na mimi nikisikia bati linapigwa nashukuru. Sikujua mtu anaweza kuomba mafuriko kwa sababu ya mume.

Spana kapitia. "Shemeji, kile kiti unakishona au unakizaa?" Nikamwambia haraka haraka haina baraka. Akasema baraka gani hiyo ya wiki tatu.

Jumatano, 8 Aprili

Jua. Siku nzima.

Alhamisi, 9 Aprili

Jua tena. Mzee alikuja bandani, akasimama nyuma yangu, akaigusa ngozi kwa kidole. Akasema tu, "Endelea," akaenda zake.

Nilishona mpaka jioni. Usiku nimefumua.

Jambo hili ninaliandika kwa aibu ya kazi yangu. Kitambaa ukikifumua kinajifunga, lakini ngozi haisahau sindano. Kila tundu linabaki tundu. Mwanafunzi wangu yeyote akifumua ngozi mara mbili nilikuwa namfukuza siku hiyohiyo. Mimi nimeshaufumua mstari uleule mara nne. Hata nikikimaliza kiti leo, mtu akikiegemea kwa nguvu kitachanika kama karatasi ya stempu.

Jumapili, 12 Aprili

Mvua imerudi. Kumi na nne. Hii ndiyo ndefu kuliko zote. Alikuwa amesimama juu ya ngazi akibadilisha balbu, nami nimemkumbatia miguu kwa chini nikihesabu.

Aliposhuka akaniambia, "Unanikumbatia sana siku hizi, bibie." Nikacheka. Mungu anisamehe kile kicheko.

Jumamosi, 18 Aprili

Naandika kabla sijabadilisha nguo zilizolowa.

Nilikwenda kununua uzi asubuhi, manyunyu madogo. Niliporudi bandani nikataka kukaa, na kigoda changu hakipo. Ni kigoda kifupi cha mbao cha miguu minne, nakikalia miaka yote, hakijawahi kutoka mle. Nikaangalia chini ya meza, nyuma ya marobota. Fremu ya kiti cha dereva ipo, iko uchi, imeegemezwa ukutani. Nikawa namlaumu jirani. Kisha macho yakaenda kwenye msumari wa mlangoni mzee anapotundika kofia yake ya kuendeshea. Msumari ulikuwa mtupu.

Nilijua mara moja.

Simu yake haikupokewa. Ya Spana haikupokewa. Nikakimbia mitaa ile mitatu na kandambili, moja ikabaki kwenye tope. Mjane wa daktari wa meno alikuwa barazani kwake na kikombe, banda la gari liko wazi nyuma yake, hakuna kitu ndani ila doa la mafuta.

"Karibu mama! Wamekwenda kulizungusha kidogo," akasema kwa furaha. "Mume wako mbunifu, kaja na kigoda chake, wamekifunga kwa kamba kwenye sakafu. Mwenzake kakalia ndoo, eti kile kiti kilichokwisha kisilowe njiani."

Nikarudi getini kwake, nikasimama mvuani. Sijui nilisimama dakika ngapi. Kila gari lililopita kwenye kona nililiona likiwa jeupe. Nilikuwa nikifikiri jambo moja tu, nalo lilinizunguka kichwani bila kukoma: kama kiti kingekuwa tayari, angekuwa na mgongo wa kuegemea na mkanda kifuani. Mimi ndiye niliyemkalisha kwenye kigoda.

Nikausikia mlio kabla ya kuliona. Lilikuja polepole, linakohoa, mzee wangu kichwa kikionekana kidogo tu juu ya usukani, Spana pembeni yake kashika dashibodi. Nikasimama katikati ya geti. Likasimama hatua mbili kutoka magotini mwangu.

"Shuka," nikasema.

"Bibie, unalowa."

"Shuka!"

"Shemeji," akasema Spana, "ni mpaka kwenye mzunguko na kurudi tu, hata gia ya tatu hatujaweka."

Hapo kiapo changu kikanitoka. Nilisema yote mbele ya Spana na mbele ya mjane wa watu aliyekuja na mwavuli wake. "Anazimika. Anazimika macho yakiwa wazi, halafu hajui. Tangu mwezi wa pili. Juma lililopita sekunde kumi na nne."

Mzee akanitazama kwa jicho ambalo sijawahi kutazamwa nalo tangu anioe. Nikasubiri Spana anitetee au anitukane. Alikuwa amekufa rangi.

"Kaka," akasema, sauti ndogo. "Pale kwenye mzunguko. Nilikuita mara tatu. Ukaniangalia tu, unatafuna. Nilidhani unanitania. Halafu injini ikajizimia yenyewe, nikashukuru kwamba lori limepita mbele na sisi tumesimama." Akajifuta uso kwa kitambaa cha grisi. "Kaka, petroli ya miaka mitano ndiyo iliyotuokoa."

Mzee alishuka. Alikifungua kigoda changu kamba, akakibeba kwapani, akaenda nyumbani mbele yangu bila kugeuka.

Jumapili, 19 Aprili

Hajasema neno.

Jumatatu, 20 Aprili

Hajasema neno. Mvua.

Jumanne, 21 Aprili

Amelala chumba cha nyuma. Si mimi niliyempeleka huko, amehamia mwenyewe. Nimesimama nje ya mlango nikisikiliza anapumua. Nikifikiri juu ya baba yake naogopa kuugusa mlango.

Ijumaa, 24 Aprili

Amekuja bandani mchana, nikiwa nimekaa mbele ya cherehani na sishoni kitu. Akaichukua ngozi ya mgongo wa kiti, akaiinua mbele ya dirisha. Mwanga ukapenya kwenye matundu, safu kwa safu.

"Hapa umeshona mara nne," akasema. "Hapa mara tano. Mimi nimesoma mistari maisha yangu yote, mke wangu."

"Umejua tangu lini?"

"Tangu ile siku nilipoigusa."

"Mbona hukusema?"

Alikaa kwenye kigoda. Alichukua muda mpaka nikaanza kuhesabu, lakini safari hii alikuwa anafikiri tu.

"Nilikuwa nashukuru," akasema. "Kila ulipofumua, mimi nilipata siku nyingine ya kutoliendesha bila kukiri kwamba naogopa. Nikisikia mvua usiku nilikuwa nafurahi."

Mwezi mzima tuliombea mvua ileile, mimi bandani na yeye kitandani, kila mmoja akimficha mwenzake. Nikamuuliza, basi kigoda je?

"Siku ile nilichoka kuogopa. Mtu akichoka kuogopa ndipo anapofanya ujinga." Akaziba uso kwa viganja. "Spana ana watoto wanne."

Nikasema mficha maradhi kifo humuumbua. Akasema usinisomee methali, nipeleke hospitali.

Jumatano, 29 Aprili

Daktari ni kijana mwenye kope ndefu. Alimuuliza mzee zinakuja mara ngapi na zinachukua muda gani. Mzee akasema, "Mimi sijui, daktari, mimi huwa sipo." Nikafungua mkoba nikatoa daftari hili. Nikasoma tarehe na sekunde, maneno mengine nikayaruka. Daktari akaandika kila kitu, akasema, "Mama, umenifanyia nusu ya kazi."

Ni ugonjwa, una jina na una vidonge. Hakuna chumba cha nyuma, akasema daktari, nilipomuuliza. Lakini usukani asiuguse mwaka mzima, na baada ya hapo tutaona. Mzee aliitikia kila sentensi kama mwanafunzi. Njiani alinishika mkono, viganja vyake vilikuwa baridi.

Jumapili, 3 Mei

Wifi kaambiwa. Alikaa, akaweka mkoba wake mapajani. Kisha akasema, "Kama baba." Alipoondoka alinikumbatia mlangoni na hakutaja roho mbaya.

Alhamisi, 7 Mei

Jua, siku ya tano. Mvua zimekatika. Mjane wa daktari wa meno kapiga simu kwa adabu: tunalichukua au tunaliacha, na viti vyake viko wapi? Nikamjibu viti vitakuja, nina deni la ngozi la kulipa kwanza, ile niliyoitoboa. Mzee alisikia, akatoka nje.

Nilidhani limekwisha. Nilijiandaa kumfariji.

Ijumaa, 8 Mei

Halijakwisha.

Kaja bandani na utepe wake wa zamani wa kupimia. "Nataka tulichukue," akasema.

Nilikuwa na mkasi mkononi, nikaushikilia tu.

"Sikia kwanza. Nishonee kiti ambacho mimi siwezi kukikalia."

Sikuelewa. Akanieleza kama anayesoma ramani. Mimi ni mfupi, yeye ana miguu ya korongo. Kiti cha dereva nikipime kwa mwili wangu: sponji juu, mgongo usogee mbele, fremu ifungwe hapohapo isirudi nyuma. Yeye akijaribu kuingia, magoti yagonge usukani. "Leo nina akili na naogopa. Mwezi wa tisa nitakuwa nimekunywa vidonge, sijazimika siku nyingi, nitajiona mzima. Mtu huyo simwamini. Mfungie mlango sasa hivi."

"Nani ataendesha?"

Akanitazama.

"Mimi sijui kuendesha!"

"Hujui kuondoka. Kusimamisha unajua, na hilo ndilo gumu."

Nilimwambia ni mwendawazimu, nina miaka hamsini na saba, nikiona lori napanda ukingo wa barabara. Nilimwambia sitaki gari, nataka mume. Akasema uamuzi ni wangu, kiti ni changu, nikisema hapana atampigia mjane simu na hatalitaja tena. Na najua hatalitaja. Atakaa tu getini akiyapungia magari mkono.

Jumamosi, 9 Mei

Tumekwenda kupima, mimi na yeye na Spana. Spana akaifunga fremu ndani ya gari, nami nikaongeza sponji kidogo kidogo. Mzee akajaribu kuingia. Goti moja likakwama chini ya usukani, la pili halikupata hata njia. Akacheka, akajaribu kwa ubavu, akashindwa. Kisha akaacha kucheka, akabaki amekishika kile kiti kwa mkono mmoja kwa muda. Hakuwa amezimika. Nilimwacha.

Nikaingia mimi. Miguu ilifika kwenye klachi na breki, mgongo ukatulia. Barabara ilionekana yote mpaka kwenye kona, pana na imejaa watu. Niliogopa kuliko siku ya mteremko, kwa maana siku ile sikupata nafasi ya kufikiri.

Jumapili, 10 Mei

Ngozi mpya, kipande kizima, haina tundu. Mzee alishika upande mmoja nikashika upande mwingine, tukaivuta. Alipokwenda kunywa dawa yake nilikaa kwenye kigoda peke yangu, jua limejaa dirishani, na wembe upo mezani mahali pake pa siku zote.

Nimeushona mstari mrefu wa mgongoni. Umepinda kidogo katikati, pale mkono ulipotetemeka. Sikufumua.